Mama wa Sentensi Tatu

Ilomba, Mbeya
Ijumaa jioni

Atupele mwanangu,

Sitakuandikia habari za sweta wala za chakula cha njiani. Nilianza hivyo, mkono ukawa umeshaandika "Atu, hakikisha", nikaichana karatasi. Hii ni ya pili. Mambo ya kuhakikisha utayahakikisha mwenyewe, wewe ni mtu mzima, na isitoshe maneno ya aina hiyo ndiyo yaliyotufikisha hapa, watu wawili wa nyumba moja ambao tangu Jumatano wanapitana koridoni kama wapangaji.

Umekwenda Uyole kumuaga bibi yako kabla ya kuhamia Iringa. Nimefunga duka mapema nikaja kukaa kwenye meza yako, ambayo sasa iko tupu. Bado nina hasira, nakuambia mapema usije ukasoma ukitafuta mahali nilipolainika. Nina hasira na gemu yako, nina hasira kidogo na wewe, na sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, sijui niielekeze wapi.

Nianze na Jumapili ile Jeska alipokuja. Wewe unaikumbuka ukiwa umesimama nyuma ya kiti changu. Nataka ukae kwenye kiti chenyewe. Tumetoka kanisani, tumekula, rafiki yako huyo anayekuchorea picha za gemu amefunga safari kutoka Iringa, na mnaniambia mnataka mtu asiyejua gemu hata kidogo, acheze, mmwangalie anakwama wapi. Nilifurahi. Hukuliona hilo kwa sababu nilijifanya nina vyombo vya kuosha, nikabembelezwa. Lakini tangu uache kazi ya kufundisha kompyuta kule shuleni, kina mama wa jumuiya hawanipumzishi. "Mama Atu, binti siku hizi anafanya nini?" Nasema anatengeneza gemu. "Za kubeti?" Nasema hapana, za hadithi. Wanasema "Aaa," ile aaa ya kumhurumia mtu. Sikuwa na la kuongeza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuiona. Kwa hiyo mliponikalisha mbele ya kioo cha laptopu nilijiambia, leo nitapata cha kuwajibu.

"Mama, usituulize kitu," ulisema. "Wewe cheza tu."

Na ilianza vizuri, Atu. Siwezi kukunyima hilo. Ukungu ule wa asubuhi, mabati yanadondosha maji, kuna mtu anafagia mahali fulani na haonekani. Nilivuta kitenge mabegani bila kujua, Jeska akakugusa, mkacheka. Msichana wenu Sekela anaamka. Baba yake alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, hajarudi, na leo ameamua kumfuata. Kazi yangu ni kumwongoza atembee, aokote vitu, aongee na watu. Nikamtembeza chumbani, nikaokota tochi. Nikafika jikoni, nikamkuta mwanamke ameinamia jiko la mkaa, amejifunga kitenge cha bluu chenye maua makubwa meupe. Kitenge changu. Hata doa la pembeni Jeska alilichora. Nikambonyeza.

"Umekula?" akasema.

Nikambonyeza tena.

"Usichelewe kurudi."

Nikabonyeza mara ya tatu.

"Funga mlango, baridi inaingia."

Nikangoja. Mtoto anaondoka kwenda Chunya peke yake, na tochi mkononi, lazima mama mtu atasema kitu. Nikabonyeza. Akasema, "Umekula?"

Sijui nilibonyeza mara ngapi. Nilibonyeza polepole, nikabonyeza harakaharaka, nikamsogeza Sekela upande wa pili wa jiko, nikidhani labda mwanamke yule hajamwona vizuri. Sentensi ni zilezile tatu, zinazunguka. Mwishowe Jeska akacheka. Hakuwa na ubaya, mtoto yule hana ubaya. Akasema, "Mama, huyo hana kingine. Nenda tu mlangoni."

Huyo hana kingine.

Nikainuka, nikasema nina vyombo. Safari hii niliviosha kweli, pamoja na vilivyokuwa safi.

Siku zilizofuata, ulipokuwa ukitoka, nilikuwa nikifungua laptopu yako na kuendelea. Ulidhani nimeacha. Nilitaka kujua kama huko mbele mwanamke yule atapata kingine. Nikampitisha Sekela kwenye barabara ya vumbi, akaongea na muuza mkaa, akaongea na fundi baiskeli, hata mlevi aliyelala chini ya gari bovu ana habari ndefu ya kusimulia. Nikafika kwenye geti la machimbo, mlinzi akasema hawezi kufungua, funguo zake zimedumbukia kwenye pipa. Hapo nilikwama. Nilimpa tochi, hataki. Nilimpa andazi, hataki. Nikamsalimia mpaka nikachoka. Wewe sikutaka kukuuliza kwa sababu nilikuwa nimenuna. Nikampigia Jeska.

"Mama, rudi nyumbani," akasema. "Kule jikoni, kwenye ndoo ya maji, kuna kijiko. Unakifunga na ile kamba uliyookota njiani, unavulia funguo."

"Kijiko kwenye ndoo ya maji ya kunywa? Nani anaweka kijiko kwenye ndoo nyumbani kwangu?"

"Mama, si nyumbani kwako. Ni kwa kina Sekela."

Haya. Nikamrudisha Sekela njia yote ile, akaingia jikoni, akatia mkono kwenye ndoo. Na mwanamke wa kitenge cha bluu, ambaye mwanawe ametoka Chunya na amerudi kuchukua kijiko, akasema, "Funga mlango, baridi inaingia." Niliifunika laptopu kwa nguvu, nikaogopa nimeivunja.

Kesho yake nilifika mwisho. Sekela anaingia kwenye kibanda pembeni ya shimo na baba yake amelala humo, mguu umevunjika, ndiyo maana miaka yote hakuweza kurudi. Na huyo sasa anasema! Unachagua swali, anajibu. Kwa nini uliondoka? Ulikuwa unatuwaza? Chunya ilikuwaje? Anajibu kwa upole, anajibu kwa kirefu, anakumbuka hadi harufu ya nywele za mtoto. Niliyasoma yote. Chai yangu ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena, na yeye bado anaongea.

Jumatano ulikuja dukani kuchukua funguo za nyumba, nikiwa napepeta. Kuna mteja alikuwa anauchambua mchele wa Madibira kiganjani kama mtu anayetafuta kasoro. Nikakuambia, "Nimeimaliza gemu yako."

Uso wako ulivyochangamka, Atu! Ndiyo maana naandika barua hii, kwa ajili ya uso ule na kwa nilivyouzima.

"Enhe? Umefika mpaka mwisho? Umeonaje?"

"Ina kosa."

"Kosa gani?" Ukatoa simu uandike, kama fundi anayesikiliza injini.

"Huyo msichana anamtafuta baba yake. Anamuuliza muuza mkaa, anamuuliza mlinzi, anamuuliza hadi mlevi. Mama yake yuko pale jikoni. Huyo mwanaume alikuwa mume wake. Hamuulizi. Kwa nini?"

Ukacheka. "Mama, akimuuliza, gemu inaisha dakika tano."

"Basi iishe!"

Nilisema kwa sauti mpaka mteja akaurudisha mchele kwenye gunia. Wewe ukaweka simu mfukoni. Hukupandisha sauti. Afadhali ungeipandisha.

"Nilikuuliza, Mama," ukasema. "Nikiwa darasa la tano. Tulikuwa tunakula. Nilikuuliza baba yuko wapi. Ukaniambia, maliza kula."

Mteja akaomba sado mbili. Nikapima. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshaondoka.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuukumbuka mlo ule. Siukumbuki. Sijui tulikula nini, sijui kama ilikuwa mchana au jioni. Ninachojua ni kwamba ni kweli, kwa sababu sauti yangu ikisema maneno hayo naisikia vizuri kabisa. Wewe siku hiyo umetembea nayo miaka yote, ukaitengenezea gemu nzima, na kwangu ilipita kama siku yoyote nyingine. Naona uchungu hata kuliandika. Ningekuwa nakumbuka, ningejitetea. Ningesema nilikuwa nimechoka, au nilikuwa nimepata habari mbaya. Sina hata hicho cha kushika.

Sasa acha nikujibu, ingawa najua nimechelewa na ingawa jibu lenyewe halina faida kwa gemu yako.

Nilikwenda Chunya nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, kumsaidia shangazi yangu aliyekuwa akipika chakula karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Wateja wetu walikuwa wachimbaji, na mchimbaji akitoka shimoni hataki kungoja. Tatizo lilikuwa maharage. Maji ya pale hayakuwa maji ya kuivisha maharage. Unayaweka jikoni alfajiri, saa sita bado yanagoma, na wanaume wamekaa kwenye benchi wanapiga sahani na vijiko. Shangazi yangu alikuwa anaingia nyuma kujificha. Mimi ndiye niliyeachwa nao.

Basi nikawa nasimulia. Nilianza bila kupanga. Nilisimulia habari ya mteja wa jana aliyekula akaondoka na kiatu cha mwenzake, nikamwongezea mke, nikamwongezea safari, kiatu kikawa na mambo yake. Wakanyamaza. Nilikuwa naongea huku natazama sufuria, na maharage yakiiva tu nakata palepale. "Haya, chakula tayari." "We dada, kiatu je?" "Kesho." Walikuwa wanarudi kesho, Atu. Kulikuwa na mabanda mengine yenye maharage laini kuliko yetu, na walikuwa wanarudi kwetu.

Hukujua hilo. Umeishi na mimi miaka yote hiyo na hukujua kwamba mama yako alikuwa anawakalisha wanaume wa machimbo kwa maneno matupu. Hapo ndipo hasira yangu inapogeuka na kunirudia. Nani angekuambia? Nilipofika hapa Ilomba nilikuwa na mtoto mgongoni na gunia la mchele la kuanzia. Kuna watoto walikuwa wanasimuliwa hadithi jioni, wewe ulikuwa unaambiwa uvue sare usije ukaichafua. Nilidhani maneno mengine yapo, yatangoja, siku nikipumzika nitayatoa. Sikupumzika. Na siku moja nikayatafuta kwa ajili ya mjukuu wa jirani aliyekuwa analia, nikajikuta namuuliza kama amekula.

Baba yako Ambakisye alikuwa mmoja wa wale wa kwenye benchi. Kazi yake ilikuwa kupigilia mbao kwenye kuta za shimo ili udongo usiwaangukie wenzake. Na sasa sikiliza, maana hili ndilo kosa kubwa la gemu yako kuliko lile la kijiko. Ambakisye hakuwa msemaji. Yule mwanaume wa kibandani anayemwaga maneno mimi simjui. Baba yako alikuwa mtu wa kuuliza. Wenzake wakishakula wanaondoka, yeye anabaki, anaifuta sahani yake taratibu, halafu anauliza, "Yule wa kiatu, mama yake alikuwa hai?" Mimi sijawahi kufikiria kama mtu wa kiatu ana mama. Inabidi nifikirie. Nikijibu, anauliza lingine. "Na alipofika huko, alilala kwa nani?" Hadithi zangu zilinenepa kwa maswali yake. Nilimpenda hivyo. Hakunisifu hata siku moja, ila alikuwa anataka kujua.

Wewe uliyapata hayo kwake. Ulipokuwa unajifunza kuongea ulikuwa unauliza mpaka wateja waliokuja kununua mchele dirishani wanacheka. Kwa nini jogoo hana meno, mchele ukilala unaota nini. Nilikuwa nacheka mwanzoni. Baadaye, yeye alipokuwa haji tena, kila swali lako lilikuwa linakuja kwa sauti yake, na mimi nilikuwa naliziba kabla halijafika mwisho. Sijisifu kwa hilo. Lakini nataka ujue kwamba sikuwa naziba kwa sababu sikutaka kukusikia wewe.

Ulitaka kujua yuko wapi. Hakuanguka shimoni. Hakuvunjika mguu. Ulimvunja mguu ili apate sababu, nami nilipouona mguu ule umefungwa vitambaa kwenye kioo, nilitaka kuwa na hasira nikashindwa, maana hata mimi nimewahi kumuuguza kichwani usiku, nikimtafutia ugonjwa wa kutosha kumzuia asije. Hakuugua. Alipata kazi kwenye machimbo mapya, mbali zaidi. Akawa anakuja kila baada ya miezi michache. Halafu akawa anapiga simu tu. Halafu simu zikapungua. Halafu namba ikawa haipatikani. Muuza mitumba mmoja alikuja kuniambia amemwona huko, mzima, amenenepa, ana nyumba na watu ndani yake. Hakupotea, Atu. Aliacha kuja.

Mara ya mwisho alikuja wakati wa Pasaka, ukiwa darasa la kwanza. Hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho, nadhani hata yeye hakujua. Mvua ilikuwa imenyesha, nimetoka kudeki, akaingia na matope. Nikamwambia, "Vua viatu, nimedeki." Akavua. Akakutengenezea dawati lako dogo lililokuwa linayumba. Mkala naye sahani moja, ukamlalia mapajani na mdomo una mchuzi. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi, nafua, naanua, nafunika. Siku nzima, mtu ametoka mbali hivyo, sikukaa chini. Alipotaka kuondoka akasimama mlangoni kama mtu mwenye swali. Ninamjua akiwa na swali, anainamisha kichwa upande mmoja. Nikasema, "Haya, gari litakuacha." Akaenda.

Nimefikiria mara nyingi alitaka kuuliza nini. Sitajua. Usinielewe vibaya, sisemi aliacha kuja kwa sababu ya deki. Mwanaume mzima ana miguu na ana simu. Aliyekuacha ni yeye, mimi nilikuwa hapa kila siku, na ndiyo maana iliniuma kukuta umempa yeye maneno yote na mimi ukanipa matatu. Niliona ni dhuluma. Bado naona ni dhuluma. Lakini pia, nikiwa peke yangu dukani, nimejaribu kujisikiliza kuanzia asubuhi mpaka jioni, nione nasema nini kwako kwa siku. Umekula. Umechelewa. Zima taa. Jeska hakukosea sana.

Sasa unaweza kuuliza kwa nini sikukuambia haya ulipokua. Hukuwa mtoto tena, ungeelewa. Nilikuwa nangoja yaishe. Kule Chunya nilizoea hadithi yenye mahali pa kukata, nikiona maharage yameiva nakata. Hii haikuwa na pa kukata. Hakukuwa na siku ambayo ningekuonyesha kwa kidole niseme, siku ile ndiyo aliondoka. Ningekuwa mjane ningekusimulia. Ningekuwa nimefukuzwa ningekusimulia. Nilikuwa mke wa mtu ambaye hajaja bado, mwaka huu na mwaka ujao, na kila nikitaka kuanza najiambia labda Krismasi itajulikana. Nikasubiri mwisho mpaka ukautengeneza wewe, na kibanda na mguu.

Hilo nakuachia kama mtu wa kazi moja na wewe, kama utakubali tuitane hivyo. Usingoje mwisho ndiyo uanze kusema. Jeska ameniambia kwenye simu kwamba mmekwama, kwamba mwisho wa gemu mmeufanya upya mara kadhaa na kila mara hamuupendi, na ndiyo maana unahamia Iringa, mkae chumba kimoja kwa shangazi yake mpaka mpate unaofaa. Mimi sijui kompyuta. Lakini nimekaa mbele ya watu wenye njaa, na nilikuwa naona usoni kwao saa wanapoacha kuniamini. Mimi niliacha kukuamini kwenye kibanda kile. Mpaka hapo, hata kwenye kijiko, nilikuwa nanung'unika lakini naenda. Yule mtu alipofungua mdomo akawa na jibu la kila kitu, nikasema moyoni, hapa Atu anajisemea mwenyewe anachotaka kusikia.

Usimfanye mbaya, siombi hivyo. Wala usiende kunibadilisha mimi, ukanipa hotuba pale jikoni kwa kunionea huruma. Nikisikia mwanamke yule anasema maneno mazuri ya kulia nitajua si mimi, nitacheka. Anaweza kujibu vibaya. Anaweza kusema "sijui" na ikawa kweli hajui. Anaweza kuanza kusema, mtu akagonga hodi, akaacha. Ila awe mtu anayeweza kuulizwa. Ukitaka aendelee kusema "Umekula?" mwache aseme, lakini mchezaji ajue kwamba nyuma yake kuna mtu amesimama.

Na Jeska umsikilize. Anacheka haraka, lakini ndiye aliyeliona doa la kitenge. Mkigombana, na mtagombana, chumba kimoja na kazi moja na baridi ya Iringa, usifanye kama mimi. Usiende kuosha vyombo. Kaa hapohapo kwenye kiti mpaka mmoja wenu aseme kitu cha kijinga mcheke.

Kuhusu ile kazi ya shule, niliposema umetupa kitu cha uhakika ukafuata michezo ya watoto, sikuwa nimecheza. Sasa nimecheza. Bado nadhani ungeweza kufanya vyote viwili, na nitaendelea kudhani hivyo. Lakini Jumapili ijayo wakiniuliza kama ni za kubeti, nitawaambia wakae chini, niwasimulie. Nitawasimulia mpaka pale kwenye geti, kisha nitakata.

Kitu kimoja kimebaki, na nimekiona leo tu, nikiwa nafunga duka. Nilikuwa naikumbuka gemu yako tangu mwanzo, mtu mmojammoja, nani anasema nini. Muuza mkaa anasema. Mlinzi anasema. Baba anasema mpaka basi. Mama ana tatu zake. Lakini Sekela mwenyewe hasemi la kwake, Atu. Anauliza tu, anapewa majibu, anaweka vitu mfukoni, anakwenda. Hata kule kibandani, baba yake anamaliza maneno yote yale, na yeye anasimama tu, kioo kinakuwa cheusi, majina yenu yanatokea. Miaka yote hiyo anamtafuta, na hana cha kumwambia? Au anacho na hakuna aliyemuuliza?

Nimejaribu kukisia angesema nini, nimeshindwa. Sijui hata kama angelia au angetukana. Namjua anavyotembea, anavyookota vitu, anavyofungua mlango kwa bega, kama wewe kabisa, lakini sijui anawaza nini, na nimeishi naye miaka yote.

Nasikia geti. Ni wewe, unaongea na simu, unacheka na mtu. Nilikuwa na maneno mengine ya kukuandikia, lakini ningekuwa mjinga kumaliza karatasi hii huku wewe unaingia ndani. Naiacha hapa mezani kama ilivyo. Nakuja sebuleni, nitakaa chini, na nitakuuliza.